Mtoto Anajuaje Kwamba Anajua? Na Sisi Wakubwa Je? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya zaidi ni wazazi, walimu na wanachuo wa ualimu. Nimeyapanga kuanzia utotoni kwenda utu uzimani, ingawa unaweza kuruka moja kwa moja hadi lile linalokusumbua.

Mada hii inahusu nini hasa?

Kila mtu, awe wa chekechea au profesa, anatembea na majibu ya maswali manne ambayo huenda hajawahi kuulizwa waziwazi. Tunayoyajua ni ya kudumu, au yanaweza kubadilika? Ni vipande vya kukariri kimoja kimoja, au ni mambo yanayoshikana? Yanatoka wapi: kwa mwalimu, kitabuni, kwa wazee, au machoni na akilini mwangu? Na nitapimaje kwamba hili ni kweli na lile si kweli? Mwaka 1997 Barbara Hofer na Paul Pintrich walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona zote zinazunguka hayo manne.

Mama anayeamua kati ya zahanati na mitishamba, mwanafunzi anayeamua kama airudie sura iliyomshinda au aiache, msikilizaji wa redio anayeamua kama aamini takwimu za waziri: hao wote wanatumia majibu hayo bila kujua kwamba wanayo. Ndiyo maana watafiti huyaita imani, yaani imani kuhusu maarifa. Mtu hakuyafikia kwa hoja, aliyaokota njiani.

Mtoto anaanza lini kuelewa kwamba kuna kujua na kutojua?

Kati ya miaka 3 na 5 hutokea mageuzi makubwa. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha Maxi, mvulana aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi anarudi na hamu yake, ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida huonyesha kule ilikohamishiwa. Kwake yeye, jambo likishakuwa kweli basi kila mtu analijua. Wa miaka 4 au 5 huanza kusema Maxi ataenda pale alipoiacha. Ameshatambua kwamba kichwani mwa mwenzake mnaweza kukaa jambo lisilo kweli, na kwamba mwenzake huyo atalifuata.

Unaweza kujaribu nyumbani kwa kopo la biskuti lililotiwa sindano na nyuzi (nyumba nyingi kopo hilo lipo tayari, wala halihitaji kuandaliwa). Muulize mtoto kuna nini ndani, atasema biskuti. Lifungue aone nyuzi, lifunge, kisha umuulize: kabla hatujafungua, ulidhani kuna nini? Watoto wengi wa miaka 3 watakujibu bila kupepesa macho: nyuzi. Si uongo. Hawezi bado kurudi nyuma na kujiona alivyokuwa hajui.

Jaribio la Marjorie Taylor na wenzake la mwaka 1994 linanivutia zaidi ya hayo yote. Watoto wa miaka 4 walifundishwa jambo jipya kabisa, kwa mfano jina la rangi ambalo hawajawahi kulisikia, na muda mfupi baadaye wakaulizwa wamelijua tangu lini. Wengi walidai wamelijua siku zote. Ukimwambia mwanao jambo akajibu "najua!" huku unaona wazi kwamba hakulijua, usimkaripie kwa ujuaji. Hajaanza bado kutunza kumbukumbu ya wapi kila jambo lilimwingilia.

Je, ni kweli watoto wadogo humeza kila wanachoambiwa?

Hapana, na hili huwashangaza wazazi wengi. Mwaka 2004 Melissa Koenig, Fabrice Clément na Paul Harris waliwaonyesha watoto wa miaka 3 na 4 watu wawili: mmoja anavitaja vitu vya kawaida kwa majina sahihi, mwingine anakosea. Kisha kikaletwa kitu kigeni, kila mmoja akakipa jina lake. Watoto waliomtambua mkosaji walielekea kumfuata yule mwenye rekodi nzuri. Utafiti mwingine wa mwaka 2009, wa Kathleen Corriveau na Harris, ulishindanisha mwalimu wanayemzoea na mgeni. Mwanzoni watoto walimfuata mwalimu wao. Alipoanza kukosea, wa miaka 3 hawakuyumba sana, ila wa miaka 5 walihamia kwa mgeni.

Ningependa walimu walishike hili, kwa sababu mengine yote humu yanalitegemea. Mtoto hana njia nyingine isipokuwa kuamini watu. Hawezi kuona vijidudu, hawezi kwenda kuhakikisha kwamba dunia ni mviringo, hakuwepo babu yake alipozaliwa. Sisi wakubwa tuko vilevile. Kutegemea maneno ya wengine si udhaifu wa akili. Kinachotofautisha mtu na mtu ni kama anaweza kusema kwa nini amemwamini huyu akamwacha yule.

Lini anaelewa kwamba watu wawili wenye akili zao wanaweza kuona jambo moja tofauti?

Miaka 7 au 8 hivi. Jeremy Carpendale na Michael Chandler walionyesha hilo mwaka 1996, wakitumia miongoni mwa mambo mengine ule mchoro maarufu unaoonekana bata au sungura. Mtoto wa miaka 5 anajua kwamba asiyeona atakosea. Kwamba walioona kitu kilekile wanaweza kukifasiri tofauti, na wote wakawa na sababu, hilo huja baadaye.

Binti yangu wa kidato cha tatu siku hizi anasema "kila mtu na mtazamo wake". Ameharibika?

Amefika mahali ambapo wengi hufika, na wengine hawatoki maisha yao yote.

Deanna Kuhn wa Marekani alichapisha mwaka 1991 utafiti wa watu 160, vijana hadi wenye miaka sitini na kitu. Aliwauliza mambo ya kawaida: kwa nini wafungwa wakiachiwa hurudia uhalifu, kwa nini watoto wengine hufeli shule, nini husababisha watu kukosa kazi. Hakutaka jibu tu. Alitaka kujua: unajuaje? Asiyekubaliana nawe angesema nini? Wote wawili mnaweza kuwa sahihi? Majibu yalijikusanya katika makundi matatu. Kundi la kwanza huona kwamba jibu sahihi lipo, wataalamu wanalo au watalipata, na anayepinga amekosea tu. La pili limegundua kwamba hata wataalamu hupingana, na hapo likakata tamaa ya kupima: basi kila mtu na lake, kama watu wanavyochagua rangi ya shati. La tatu linakubali kwamba uhakika kamili ni nadra, lakini linashikilia kwamba hoja moja inaweza kuwa nzito kuliko nyingine kwa sababu ya ushahidi wake. Hilo la tatu lilikuwa la wachache.

Kabla yake William Perry, mshauri wa wanafunzi Harvard, alikuwa ameona safari inayofanana kwa vijana aliowahoji mwaka baada ya mwaka, akaieleza kwa hatua tisa katika kitabu cha mwaka 1970. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja akitaka jibu. Profesa anampa nadharia tatu zinazogombana, naye anadhani ni mchezo wa kumpima, kwamba jibu lenyewe limefichwa. Baadaye anaamua kwamba hakuna jibu. Baadaye tena, akibahatika, anajifunza kuchagua msimamo na kuutetea huku akijua kwamba umechaguliwa.

Binti yako basi ametoka mahali. Kumrudisha kwenye "nyamaza, ukweli ndio huu" ni kumrudisha nyuma. Swali litakalomsogeza mbele ni hili: sawa, mitazamo ni miwili, upi una sababu bora, na kwa nini?

Zingatia pia kwamba habadiliki katika mambo yote kwa mkupuo mmoja. Kuhn na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba "kila mtu na lake" huanzia kwenye ladha, kama chakula gani ni kitamu, na huchelewa kufika kwenye mambo ya ulimwengu unaoonekana. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa mkali katika fizikia na legelege kabisa katika siasa.

Kwa hiyo ni ngazi ambazo kila mtu hupanda?

Wataalamu wenyewe hawajaelewana. Waliotoka kwa Perry hupenda hatua. Marlene Schommer alivunja desturi hiyo mwaka 1990 kwa dodoso la vipengele 63, akasema imani hizi ni kadhaa na kila moja inaweza kwenda kwa mwendo wake. Mtu anaweza kuamini kwamba maarifa hubadilika, na papo hapo akaamini kwamba akili ni ya kuzaliwa nayo. Mimi naegemea kwa Schommer katika maelezo na kwa Kuhn darasani, maana mwalimu mwenye wanafunzi wengi anahitaji kitu anachoweza kukisikia mara moja mwanafunzi anapofungua mdomo.

Imani hizi zinagusaje masomo yenyewe?

Zinagusa pale mwanafunzi anapokwama. Anayeamini kwamba kujifunza hutokea haraka au hakutokei kabisa, akisoma ukurasa mara mbili bila kuelewa hujiambia "hesabu si zangu" akafunga daftari. Schommer aliona kwamba wenye imani hiyo walielekea kurahisisha hitimisho la waliyosoma na kujiona wameelewa kuliko walivyoelewa. Anayeamini kwamba maarifa ni orodha atakariri orodha, na kwa mtihani unaopima orodha atafaulu vizuri tu. Tusijidanganye hapo.

Shule zetu zinawafundisha nini watoto kuhusu maarifa?

Hakuna somo la jambo hili kwenye ratiba, lakini linafundishwa kila kipindi. Ubaoni kuna maelezo ya kunakili. Swali lina jibu moja, na jibu hilo liko kwenye mwongozo wa usahihishaji. Mwanafunzi aliyefikia jibu kwa njia yake anakatwa alama. Chuoni anakuta madesa (maelezo ya masomo yaliyonakiliwa) yanayopita mkono hadi mkono, na anayeuliza swali nje ya desa anaonekana anawachelewesha wenzake. Baada ya miaka kumi na sita ya hivyo, kuamini kwamba kujua ni kumiliki majibu ya mtu mwingine ni hitimisho la akili timamu.

Mwalimu Nyerere aliliona. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, moja ya lawama zake kwa elimu iliyorithiwa ni kwamba inamfanya mwanafunzi adhani maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma, akadharau ya wazee wake. Watu hukumbuka mashamba ya shule na majembe. Lawama hiyo wanaisahau, na kwangu ndiyo nzito zaidi.

Tanzania ilielekeza mitaala kwenye ujenzi wa umahiri tangu 2005, na Kenya ikaanza mageuzi yake mwaka 2017. Kwenye karatasi, mitaala hiyo inataka mtoto achunguze na kujadili. Lakini mtoto hasomi mtaala, anasoma mwalimu wake na mtihani wake. Mwalimu ambaye mwenyewe anaamini kwamba maarifa ni kitu cha kukabidhi atageuza hata kazi ya vikundi kuwa imla: kundi la kwanza nakilini hiki, kundi la pili kile.

Tafiti hizi si za Wazungu? Zinatuhusu vipi?

Swali zuri, na watafiti wenyewe wamelaumiana juu yake. Perry alitegemea zaidi wanaume wa Harvard. Mwaka 1986 Mary Belenky na wenzake watatu wakachapisha mahojiano na wanawake 135, baadhi wa vyuoni na wengine mama waliokuwa wakisaidiwa na vituo vya huduma za jamii. Humo wakakutana na jambo ambalo Perry hakuwa nalo: wanawake waliojiona hawana hata haki ya kuwa na neno, kwa sababu maisha yao yote wameamriwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Uzbekistan. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliwauliza wakulima wasiosoma: kaskazini ya mbali penye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, aulizwe aliyefika. Luria aliona hapo upungufu wa fikra za kidhahania. Mimi naona pia kanuni kali ya ushahidi: usilolishuhudia usilitolee habari. Mahakama yoyote ingefurahi kupata shahidi wa namna hiyo. Waliowahi kwenda shule hata kidogo walijibu kwa urahisi, maana shule humzoesha mtu kujibu kwa kutumia maneno ya swali lenyewe, bila kuuliza nani kayasema.

Karibu zaidi na sisi, Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi na watoto wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15 huko Usenge, magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba, ambao watoto wa huko wanauhitaji kweli kwa sababu ya magonjwa ya vimelea. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya kishule, hasa ya msamiati. Tafsiri moja ni kwamba familia nyingine ziliweka nguvu zao kwenye elimu ya shule na nyingine kwenye elimu ya nyumbani. Mtoto alikuwa ameshasoma kwa wakubwa wake elimu ipi ndiyo elimu.

Kumfundisha mtoto kuhoji si kumfundisha utovu wa adabu?

Inategemea anahoji nini. Kuna kumhoji mzee, na kuna kuhoji habari. Anayedhani jadi zetu hazina nafasi ya hilo la pili aende madrasa ya Lamu au Unguja akasikilize darasa la hadithi za Mtume. Kila hadithi ina mlolongo wake wa wapokezi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Wanachuoni walichunguza kila mmoja katika mlolongo huo. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Aliwahi kweli kukutana na huyo anayedai kumsikia? Kwa vipimo hivyo hadithi huwekwa daraja, swahihi, hasani au dhaifu, na mcha Mungu anaweza kusema "hadithi hii ni dhaifu" bila kumvunjia mtu heshima.

Nimeuweka mfano huu makusudi, kwa sababu vitabu vya saikolojia huweka kutegemea mamlaka kwenye ngazi ya chini kabisa. Hapa watu wanategemea mamlaka kutoka mwanzo hadi mwisho, tena kwa ukali wa uchunguzi ambao wengi wetu hatuutumii kwa habari ya gazeti. Kwa mtoto, "Bibi, wewe ulisikia kwa nani?" linaulizwa kwa adabu zote, na bibi wengi hufurahi kuulizwa.

Mbona wasomi nao walikwenda kunywa kikombe Loliondo?

Kwa wasiokumbuka: mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge, eneo la Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa shilingi 500. Alisema ni Mungu aliyemwonyesha, na kwamba dawa hiyo inaponya magonjwa sugu. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na mawaziri na wabunge walikuwemo.

Watu wakasema elimu haijasaidia kitu. Nadhani walikuwa wanaitafuta mahali pasipo pake. Shahada hukupa majibu mengi ya somo lako, haikuhakikishii kwamba umezoea kuuliza "nitajuaje?" nje ya somo hilo. Na tazama ushahidi ulivyowafikia watu: Babu ni mchungaji, basi si tapeli, bei ni ndogo mno, basi hatafuti fedha, jirani amerudi anasema anajisikia nafuu, wakubwa wamekwenda. Hizo ni sababu, wala si za kijinga. Zinapima vizuri kama mtu ni mkweli. Hazipimi kama dawa inaponya kisukari, kwa maana mtu mkweli kabisa anaweza kukosea. Swali hilo linataka vipimo vya kabla na baada, kwa watu wengi, na kuwafuatilia hata wale ambao hawakurudi kusimulia. Wengi hatujafundishwa kwamba hayo ni maswali mawili.

Nitajuaje kama ninajua kweli ninachodhani ninajua?

Kieleze. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Yale waliwaomba watu wajipe alama jinsi wanavyoelewa vitu kama zipu, kitasa na choo cha kuvuta maji, kisha wakawaambia waandike hatua kwa hatua jinsi vinavyofanya kazi. Baada ya kuandika, alama walizojipa zilishuka. Chukua kalamu ujaribu zipu. Kisha jaribu mfumuko wa bei.

Nifanye nini nyumbani au darasani?

Uliza "umejuaje?" hata pale mtoto alipopata. Likiulizwa kwenye kosa tu, atalisikia kama kemeo. Sema "sijui, tutazame" kwa sauti, kisha mtazame kweli, maana "sijui" isiyofuatwa na kutafuta haimfundishi kitu. Darasani, leta simulizi mbili za tukio moja, kwa mfano Vita vya Majimaji kama vilivyoandikwa na utawala wa Kijerumani na kama vilivyosimuliwa na wazee wa kusini, na uwatake wanafunzi waseme kila mmoja aliweza kujua nini na hakuweza kujua nini. Usiwaache kwenye "zote sawa". Na toa alama kwa sababu, japo alama moja; kisichopewa alama hakisomwi, hilo walimu wote tunalijua.

Na simu, na akili mnemba (AI)?

Tatizo lililoongezeka ni kupotea kwa chanzo. Ujumbe unakuja "kama ulivyopokelewa", umepita makundi kumi, hauna mwenyewe. Mlolongo wa wapokezi umekatika, kilichobaki ni jina la shemeji aliyekutumia, nawe unamwamini shemeji. Akili mnemba inajibu kwa ufasaha uleule ikiwa sahihi na ikiwa imekosea, kwa hiyo ufasaha, ambao zamani ulitusaidia kidogo kumtambua mjuzi, sasa hautusaidii. Kwa mtoto wa sekondari ningeweka sharti moja: jibu la mashine haliingii kwenye daftari mpaka alikute mahali pengine panapojulikana mwenyewe.

Kuna umri ambao mtu amechelewa kubadilika?

Katika utafiti wa Kuhn wa 1991, kilichotenganisha watu wazima kilikuwa elimu zaidi kuliko umri. Wa miaka sitini hawakuwa nyuma ya wa ishirini kwa sababu tu ya uzee. Patricia King na Karen Kitchener, ambao kitabu chao cha 1994 kina hatua saba, waliona watu wakiendelea kusogea hata katika masomo ya uzamili. Ugumu kwa mtu mzima huwa ni hadhara. Mwalimu mkuu aliyesema "hapana" mbele ya walimu wenzake miaka yote hataanza kusema "labda" kwenye kikao. Anzeni naye pembeni, wawili wawili.